Jinsi ya Kuipima Drafti ya Klabu Baada ya Miaka Kupita: Mwongozo Kamili kwa Mfuatiliaji wa Kandanda ya Australia

Usiku wa drafti, yaani siku klabu zinapochagua chipukizi kwa zamu, kila klabu hutabasamu. Kijana wa miaka 18 anavishwa jezi, kocha anasema huyu ndiye tuliyemtaka tangu mwanzo, na kesho yake magazeti ya Melbourne yanatoa alama: klabu hii A, ile C. Alama hizo hazina thamani yoyote. Drafti ya klabu haisomeki mpaka vijana wale wawe wamecheza, wameumia, wamehama, wamestaafu. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kurudi nyuma na kuisoma kwa haki: uanzie wapi, uhesabu nini, na nini usikihesabu kabisa.

Nimechagua kandanda ya Australia, ligi ya AFL, kwa sababu kumbukumbu zake ziko wazi na ni rahisi kuzipata. Mfano wangu mkuu ni Geelong, klabu iliyokaa miaka 44 bila ubingwa, kisha ikautwaa mwaka 2007, 2009 na 2011 kwa kikosi ambacho nguzo zake nyingi zilitoka katika drafti mbili tu. Ninaamini, na nitajitahidi kukuthibitishia kwa hesabu, kwamba timu kubwa hujengwa zaidi na machaguo ya katikati ya orodha kuliko na lile la kwanza linalopigiwa kelele.

Kabla hujaanza: mchezo na utaratibu wake

Uwanja ni wa duara refu, kila upande una wachezaji 18, na goli lina thamani ya pointi 6. Mpira ukipita pembeni mwa milingoti miwili ya kati unapata pointi 1. Kwa sasa ligi ina klabu 18.

Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la soka aliweke kando kwanza. Huku klabu tajiri haiwezi kwenda kumnunua chipukizi inayempenda. Kila Novemba klabu huchagua kwa zamu, na iliyoshika mkia wa ligi hutangulia. Kijana hana hiari ya kuchagua klabu: akiitwa na Perth, aliyekulia Melbourne anafunga mizigo.

Zamani haikuwa hivyo. Ligi ilipokuwa bado ya jimbo la Victoria, kila klabu ilimiliki maeneo, na kijana anayeishi katika eneo lake alikuwa wake. Klabu yenye eneo lenye vipaji ilineemeka miaka na miaka, nyingine zikabaki kuombea bahati. Drafti ya kwanza ya kitaifa ilifanyika mwaka 1986, na wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Martin Leslie, aliyekwenda Brisbane. Mwaka uliofuata kikaja kikomo cha mishahara. Mambo hayo mawili yaende pamoja kichwani mwako, kwani drafti bila kikomo cha mishahara ingekuwa bure: matajiri wangesubiri tu wachezaji waive, kisha wawavute kwa fedha.

Hatua ya 1: Chagua kipindi kilichoiva

Usichague mwaka mmoja. Chagua kipindi cha miaka mitatu hadi mitano ya drafti, tena kiwe kimepita angalau miaka kumi. Mchezaji wa AFL huchukua misimu mitatu au minne kukomaa mwili, na wale warefu, hasa wanaogombea mpira wa juu katikati ya uwanja, huchelewa zaidi. Max Gawn alichaguliwa na Melbourne mwaka 2009 akiwa chaguo la 34. Ungeihukumu drafti ile mwaka 2013, jina lake ungelipita bila kusimama. Mwaka 2021 alikuwa nahodha aliyenyanyua kombe la kwanza la Melbourne tangu 1964.

Kwa Geelong, kipindi changu ni 1999 hadi 2001. Ndicho kilichozaa ubingwa wa 2007. Miaka minane kati ya mbegu na mavuno: iweke akilini kila unaposikia mashabiki wakidai kocha afukuzwe baada ya misimu miwili.

Hatua ya 2: Fungua daftari, andika kila jina

Chukua daftari au jedwali la kompyuta. Orodha za drafti zote zinapatikana bila malipo, na tovuti ya AFL Tables ina takwimu za mechi za ligi tangu 1897. Kwa kila aliyechaguliwa andika namba ya chaguo, mechi alizoichezea klabu ile, mechi alizocheza kwingineko, makombe, na namna alivyoondoka: kustaafu, kuachwa, kubadilishwa au kuhama mwenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Wanaandika waliong'aa na kuwaruka waliofifia. Mwaka 1999 Geelong iliwapata Joel Corey (chaguo la 8), Paul Chapman (31), Cameron Ling (38) na Corey Enright (47). Lakini kati ya Corey na Chapman klabu ilitumia nafasi za juu kwa vijana ambao hawakudumu hadi siku za makombe. Wasipoingia kwenye daftari lako, utadhani msaka vipaji wa Geelong, Stephen Wells, alikuwa mganga. Hakuwa mganga. Alikuwa mtu mwenye jicho zuri aliyepata mara nyingi kuliko wenzake, na kukosa pia kulikuwa sehemu ya kazi.

Tenganisha mechi alizochezea klabu iliyomchagua na zile za kwingineko. Chapman alicheza mechi 280 maishani, 251 zikiwa za Geelong, na hizo 251 ndizo zinazoingia katika hesabu ya drafti ya Geelong. Enright 332, Corey 276, Ling 246. Jumla wanne hao waliipa klabu mechi 1,105.

Hatua ya 3: Tia bei kwenye kila chaguo

Huu ndio moyo wa kazi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kupata mchezaji mzuri kwa chaguo la kwanza si sifa kubwa, kwa kuwa umelipa bei kubwa. Swali ni nini ulichopata kwa ulichotoa. Kwa bahati nzuri ligi yenyewe ilitupa kipimo. Mwaka 2015 ilianzisha jedwali la pointi linalotia thamani kwenye kila chaguo. Limerekebishwa baadaye, lakini lile la mwanzo linatosha kuwa rula yetu. Baadhi ya thamani zake:

- Chaguo la 1: pointi 3,000
- Chaguo la 2: 2,517
- Chaguo la 3: 2,234
- Chaguo la 8: 1,551
- Chaguo la 10: 1,395
- Chaguo la 17: 1,025
- Chaguo la 20: 912
- Chaguo la 24: 785
- Chaguo la 31: 606
- Chaguo la 36: 502
- Chaguo la 38: 465
- Chaguo la 40: 429
- Chaguo la 47: 316

Angalia jinsi thamani inavyoporomoka. Kati ya la 1 na la 3 tu zimepotea pointi 766, ambazo ni karibu sawa na chaguo zima la 24.

Sasa rudi kwa Geelong ya 1999. Chapman, Ling na Enright, kwa machaguo ya 31, 38 na 47, walikula jumla ya pointi 1,387. Hiyo ni pungufu ya chaguo moja la 10. Ongeza 1,551 za Corey, unapata 2,938, bado hujafika bei ya chaguo la 1. Kwa bei hiyo klabu ilipata beki aliyeingia mara sita katika kikosi bora cha ligi, Enright. Ilipata nahodha wa ubingwa wa 2011, Ling, na mchezaji bora wa fainali ya 2009, Chapman. Corey naye akawa kiungo aliyebeba eneo la kati kwa zaidi ya muongo.

Mwaka 2001 waliongezwa Jimmy Bartel (8), James Kelly (17), Steve Johnson (24) na Gary Ablett mdogo (40). Jumla pointi 3,790. Bartel alichukua medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, mwaka 2007, na Ablett akaichukua 2009. Johnson alikuwa mchezaji bora wa fainali ya 2007, Bartel wa fainali ya 2011. Ukiunganisha drafti hizo mbili, wachezaji wanane waligharimu pointi 6,728.

Weka kando yake Carlton. Klabu hii ilikuwa na chaguo la 1 miaka mitatu mfululizo: Marc Murphy mwaka 2005, Bryce Gibbs 2006, Matthew Kreuzer 2007. Pointi 9,000 kwa watu watatu. Wote watatu walikuwa wachezaji wa kweli wa ligi, Murphy akawa nahodha wa miaka mingi, na bado Carlton haijanyanyua kombe tangu 1995.

Linganisha kwa uangalifu. Pointi 6,728 ni za waliofaulu peke yao, na daftari kamili la Geelong lina gharama ya waliofeli pia. Drafti zile pia zilifanyika kabla jedwali halijakuwapo, kwa hiyo hakuna aliyelipa pointi hizo siku ile. Ni rula tunayoiweka juu ya jambo lililokwisha kutokea, na kwa kazi hiyo inafaa.

Hatua ya 4: Fuatilia kila chaguo lilitoka wapi

Machaguo hubadilishwa kama wachezaji, kila Oktoba kabla ya drafti, na tangu 2015 klabu zinaweza kubadilishana hata ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kando ya jina haikuambii hadithi yote.

Mfano bora ni wa mwaka 2001. Fremantle ilimaliza mkiani na kupata chaguo la 1. Badala ya kulitumia, iliipa Hawthorn machaguo ya 1, 20 na 36, yaani pointi 4,414 kwa rula yetu, ikapokea Trent Croad na Luke McPharlin. Hawthorn ikamchukua Luke Hodge kwa la 1 na Sam Mitchell kwa la 36. Mitchell alikuwa nahodha wa ubingwa wa 2008, Hodge akawa nahodha wa ule wa 2013, 2014 na 2015. Ni vigumu kupata biashara iliyozaa zaidi katika ligi nzima.

Lakini usiifunge hesabu haraka. McPharlin, ambaye siku ile hakuwa jina kubwa katika mpango ule, aliilinda ngome ya Fremantle kwa zaidi ya muongo na kuingia kikosi bora cha ligi mwaka 2012. Croad alirudi Hawthorn baada ya misimu miwili na akacheza fainali ya 2008 waliyoshinda. Fremantle ilipoteza, ndiyo, ila haikutoka mikono mitupu. Daftari lako lioneshe pande zote mbili.

Biashara ya Carlton na West Coast mwaka 2007 inafundisha jambo jingine. Carlton ilimtaka Chris Judd, nyota aliyekuwa tayari ana Brownlow na kombe la 2006. Ikatoa chaguo la 3, la 20 na kijana Josh Kennedy, aliyechaguliwa wa 4 mwaka 2005, ikapata Judd na la 46. Judd alichukua Brownlow nyingine mwaka 2010 akiwa Carlton, basi huwezi kusema alinunuliwa vibaya. Kennedy naye alifunga magoli zaidi ya 700 na kutwaa ubingwa wa 2018 na West Coast. Kennedy alipofika kilele chake, Judd alikuwa amestaafu. Klabu iliyo mbali na ubingwa ikimnunua mtu aliye kileleni inanunua miaka ambayo haitakuwa na la kuifanyia. Ndivyo ninavyoisoma biashara ile.

Geelong ilifanya kinyume. Mwishoni mwa 2004, vijana wake wakiwa wameanza kuiva, ilitoa machaguo ya 12 na 16 kwa Richmond ikamchukua Brad Ottens, mtu mrefu wa kugombea mpira wa juu. Kilikuwa kiungo kimoja kilichokosekana. Ottens akashinda makombe matatu.

Hatua ya 5: Tenga milango ya pembeni

Si kila mchezaji hupita mlango mkuu. Usipoitenga milango hii utawasifu watu kwa bahati, au utawalaumu kwa sheria.

Mlango wa kwanza ni wa baba na mwana. Mtoto wa mchezaji aliyeichezea klabu mechi 100 au zaidi anaweza kuchukuliwa na klabu hiyo hiyo. Gary Ablett mdogo hakuangukia la 40 kwa sababu wengine walilala. Ndiyo bei iliyowekwa na sheria ya wakati ule kwa mtoto wa baba kama wake: chaguo la raundi ya tatu. Matthew Scarlett alipita mlango huo, na Tom Hawkins pia mwaka 2006 kwa chaguo la 41, wakati kila msaka vipaji alijua angechukuliwa mapema mno. Kelele zilizofuata zilichangia kuleta mfumo wa zabuni mwaka 2007: klabu nyingine ikitaja jina la mtoto huyo, klabu ya baba lazima ilipe bei inayokaribia.

Mlango wa pili ni akademia. Klabu nne za kaskazini, Sydney, GWS (Greater Western Sydney), Brisbane na Gold Coast, zinalea vijana wa maeneo ambako raga ndiyo inayotawala, kisha zina haki ya kwanza kwao. Mwaka 2014 Melbourne ilimtajia Isaac Heeney chaguo la 2, Sydney ikampata kwa la 18. Mwaka uliofuata ndipo jedwali la pointi likaanza kutumika, na punguzo la asilimia 20 kwa raundi ya kwanza. Chini ya mfumo huo, unaotumika pia kwa mlango wa baba na mwana, Brisbane ilimpata Will Ashcroft mwaka 2022, mtoto wa mchezaji wake wa zamani Marcus Ashcroft, kwa chaguo la 2. Ilirundika machaguo ya chini hadi yakafikia bei ya kama pointi 2,014. Miaka miwili baadaye alikuwa mchezaji bora wa fainali.

Mlango wa tatu, ambao sasa hautumiki kwa namna ile, ni machaguo ya nyongeza kwa klabu zilizoshinda mechi chache mno. Hapa ni lazima usome kwa jicho kali, kwa kuwa sheria ile ilizifanya klabu zinufaike kwa kushindwa. Mwaka 2013 ligi iliitoza Melbourne faini ya dola 500,000 za Australia kwa mwenendo wake wa msimu wa 2009, ingawa haikuikuta na hatia ya kupoteza mechi kwa makusudi. Mimi nafurahi sheria ile iliondolewa. Shabiki anayelipa kiingilio anastahili timu inayotaka kushinda.

Milango midogo nayo ipo. Drafti ya ruki, yaani wachezaji wa kikosi cha akiba, imetoa watu kama Dean Cox wa West Coast na Max Rooke wa Geelong. Drafti ya katikati ya msimu ilirejeshwa mwaka 2019, na Richmond ikamchukua Marlion Pickett, mwenye umri wa miaka 27. Mechi yake ya kwanza kabisa ya AFL ilikuwa fainali ya mwaka huo, na wakashinda.

Hatua ya 6: Tazama nani alikuwa bado hajachukuliwa, kwa kiasi

Kila mtu hupenda kusema "wangeweza kumpata fulani". James Hird alichukuliwa na Essendon akiwa wa 79 mwaka 1990, baadaye akashinda Brownlow. Ukisema kila klabu iliyomruka ilikosea, umeilaumu ligi nzima pamoja na Essendon yenyewe, kwani nayo ilichagua wengine kabla yake. Lawama ya namna hiyo haifundishi kitu.

Kanuni yangu: tazama majina kama matano hadi kumi yaliyofuata, basi. Hao ndio waliokuwa wakijadiliwa kweli mezani. Mwaka 2004 Richmond ilimchukua Richard Tambling kwa la 4, na Hawthorn ikamchukua Lance Franklin kwa la 5. Franklin alimaliza na magoli 1,066. Hapo ulinganifu ni halali kwa klabu. Si halali kwa mchezaji. Tambling hakujichagua mwenyewe, alicheza zaidi ya mechi 100 Richmond, na alibebeshwa mzigo ambao haukuwa wake. Unapoandika, hukumu uamuzi wa klabu na umwache kijana na heshima yake.

Tazama pia sababu ya mtu kushuka. Joel Selwood alikosa sehemu kubwa ya 2006 kwa jeraha la goti, klabu zikaogopa, Geelong ikampata kwa la 7. Mwaka uliofuata alikuwa chipukizi bora wa ligi na bingwa. Huo haukuwa upofu wa wengine. Wote waliiona hatari ile ile, na Geelong ikakubali kuibeba.

Hatua ya 7: Anza siku ya fainali, rudi nyuma

Baada ya kusoma drafti kwenda mbele, geuza daftari. Chukua wachezaji 22 waliocheza fainali ya ubingwa na uandike kila mmoja alipitia mlango gani.

Geelong 2007, siku waliyoifunga Port Adelaide kwa tofauti ya pointi 119, rekodi ya fainali hadi leo. Wanane wa 1999 na 2001 wote walikuwa uwanjani. Watoto wa baba walikuwa watatu: Scarlett na ndugu wawili Ablett, Gary na Nathan (Gary tumeshamhesabu pia kati ya wale wanane). Waliotoka klabu nyingine walikuwa nahodha Tom Harley kutoka Port Adelaide, Cameron Mooney kutoka North Melbourne, na Ottens. Mathew Stokes alikuwa chaguo la 61 mwaka 2005, Rooke wa orodha ya ruki. Hapakuwa na hata mmoja aliyeletwa Geelong kwa chaguo la 1.

Zoezi hili linafichua mambo ambayo orodha ya drafti haionyeshi. Aliir Aliir, aliyezaliwa Kakuma, Kenya, kwa wazazi wa Sudan, alichukuliwa na Sydney akiwa wa 44 mwaka 2013. Ukisoma daftari la Sydney, utaona chaguo zuri la bei ndogo. Ukisoma la Port Adelaide kurudi nyuma, utamkuta kama mchezaji aliyeletwa kwa mabadilishano mwishoni mwa 2020, na mwaka 2021 akaingia kikosi bora cha ligi. Klabu iliyomwona kwanza na klabu iliyomtumia vizuri zaidi si moja.

Hatua ya 8: Uliza alilelewa vipi

Jambo hili halina jedwali, ila bila hilo hesabu zako zote zitadanganya. Kijana yule yule katika klabu mbili huwa wachezaji wawili tofauti.

Melbourne ilimchukua Jack Watts kwa la 1 mwaka 2008. Alipewa mechi ya kwanza Juni 2009 dhidi ya Collingwood, mbele ya umati mkubwa wa sikukuu, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Katika miaka yake ya mwanzo makocha walipita mmoja baada ya mwingine: Dean Bailey akaondolewa 2011, Mark Neeld akaondolewa 2013, na katikati yao wa muda. Kila kocha na mpango wake. Kusema tu kwamba "Watts alifeli" ni kumwonea.

Geelong ilikuwa na Mark Thompson tangu mwaka 2000. Mwaka 2006 timu ilimaliza ya kumi na kelele za kumwondoa zilikuwa kubwa. Klabu ilijichunguza, ikambakisha. Mwanzoni mwa 2007 viongozi wa wachezaji walimsimamisha Steve Johnson mechi tano kwa utovu wa nidhamu. Wenzake ndio waliofanya hivyo, na Septemba alikuwa mchezaji bora wa fainali. Chaguo la 24 lilikuwa lile lile tangu 2001. Kilichobadilika ni watu waliomzunguka.

Kwa hiyo kando ya kila jina ongeza safu: makocha wangapi katika misimu mitano ya mwanzo, majeraha makubwa, na umri alioanza kucheza kila wiki. Gold Coast ilipewa rundo la machaguo ya juu ilipoingia ligini mwaka 2011, vipaji vikafurika, na ilisubiri hadi 2025 kucheza mechi za mtoano. Safu hiyo itakusaidia kuona kwa nini.

Hatua ya 9: Andika hukumu yenye namba na tarehe

Hukumu iwe fupi: gharama, mavuno, milango iliyotumika, malezi, na neno lako. Usitoe alama ya A au B.

Kwa Geelong ningeandika hivi: *Drafti za 1999 na 2001. Wachezaji wanane waliodumu kwa pointi 6,728, mmoja kati yao kwa unafuu wa sheria ya baba na mwana. Nafasi kadhaa za juu zilipotea. Bila unafuu huo bado zingekuwa drafti bora, kwani Bartel, Kelly, Johnson, Corey, Chapman, Ling na Enright walipita mlango mkuu ambao klabu zote zilikuwa na funguo zake. Kocha mmoja kuanzia kuchaguliwa hadi kombe.*

Na kwa Carlton: *Drafti za 2005 hadi 2007. Machaguo matatu ya kwanza, wachezaji watatu wazuri, kikosi chembamba nyuma yao. Sababu ianzie 2002, ligi ilipoinyang'anya klabu machaguo yake ya juu kwa kuvunja kikomo cha mishahara. Walipofika Murphy na Gibbs, hapakuwa na kizazi cha miaka 23 hadi 26 cha kuwapokea. Kuondoka kwa Kennedy ndiyo gharama iliyouma zaidi.*

Ukishamaliza klabu moja, fanya ya pili ya kipindi hicho hicho kwa rula hiyo hiyo. Ninapendekeza Hawthorn 2001 hadi 2004: una Hodge na Mitchell upande mmoja, Jarryd Roughead, Franklin na Jordan Lewis kwa machaguo ya 2, 5 na 7 upande wa pili. Huko utakuta kile ambacho Geelong haikuwa nacho, machaguo ya juu kabisa yaliyotumika vizuri, na itakubidi uipime upya hoja niliyokupa mwanzoni.